Uzoefu wangu: kikokotoo cha umbali na muda wa ndege, Nairobi hadi New York

Hiki kikokotoo cha bure cha mtandaoni nimekitumia sana kupangia safari za NBO (uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi) kwenda JFK (uwanja wa John F. Kennedy, New York). Kilomita zake ziamini. Saa zake usiziamini.

Umbali kinaleta kama kilomita 11,840, na ndivyo ulivyo ukipima kwa kufuata mviringo wa dunia. Mstari unatoka Nairobi kuelekea kaskazini-magharibi, unagusa pembe ya Darfur nchini Sudan, unapita Chad, Niger, Algeria na Morocco, ndipo unaingia Atlantiki. Andika herufi tatu za uwanja, si jina la mji. Ukiandika "Nairobi" tu unaweza kuwekewa Wilson (WIL), na "New York" inaweza kukuletea LaGuardia au hata Newark iliyoko New Jersey. Kilomita hazitofautiani sana, lakini mpango wa kuunganisha ndege unaharibika.

Shida iko kwenye muda. Kinachukua kilomita, kinagawanya kwa mwendo wa 900 kwa saa, basi: saa 13 na dakika 9, kwenda na kurudi sawasawa. Kenya Airways ilipoanza safari hii ya moja kwa moja Oktoba 2018 kwa Boeing 787, ratiba ilikuwa kama saa 15 kwenda na 14 kurudi. Tofauti hiyo ya saa moja inatokana na upepo: juu ya Atlantiki ya kaskazini, upepo mkali wa anga za juu huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo ukienda unakukabili, ukirudi unakusukuma. Tena ratiba huhesabu tangu ndege inapoachana na mlango wa abiria hadi inapoegeshwa, foleni ya kuruka ikiwemo. Na njia hainyooki kama mstari wa ramani. Vita vilipozuka Aprili 2023, anga la Sudan lilifungwa kwa ndege za kiraia, ikabidi lizungukwe.

Kuna jambo jingine ambalo kikokotoo hakilioni kabisa. JKIA, yaani huo uwanja wa Jomo Kenyatta, iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi, na jua la mchana huizidishia wepesi. Mabawa na injini hupungukiwa nguvu wakati ndege imebeba mafuta ya saa 15. Kuondoka usiku kunasaidia sana.

Saa ya kufika ipige mwenyewe. Julai, ndege ikitoka saa 5:30 usiku, ongeza 15: Nairobi ni saa 8:30 mchana wa kesho yake. Toa 7, New York ni saa 1:30 asubuhi. Januari toa 8, iwe saa 12:30 asubuhi. Wamarekani hubadili saa Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Kwenye kikokotoo andika 23:30, maana 5:30 kwake ni alfajiri.

Ninachokipenda hasa ni nafasi ya kujaza kituo cha katikati. Kupitia Amsterdam jumla ni kama kilomita 12,520, nyongeza isiyofika 700. Kupitia Dubai inavuka 14,500. Nauli zikikaribiana, hapo uamuzi ni rahisi.

Ila kituo hukihesabu kama nukta, dakika sifuri. Ukiunganisha ndege JFK weka angalau saa tatu: uhamiaji unafanyika hapo, mizigo unaichukua mwenyewe, unapita nayo forodha, kisha unaikabidhi upya.