Fundi umeme wa Tabata na gia boksi ya RAV4 yangu "iliyokufa"

Nyota nne. Ya tano nimeinyima, sababu iko chini huko.

Nina RAV4 ya 2002, oto ya gia nne. Ndiyo inayobeba masufuria yangu, maana napika kwenye misiba, vikao na send-off. Tatizo niliambiwa na mifuniko. Asubuhi natoka Kimara gari liko shwari. Nikifika Ubungo, moto umeshapanda, likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili linapiga teke, paa! na mifuniko yote inaitikia huko nyuma. Wiki mbili baadaye likagoma kabisa kuingia gia ya nne. Injini inalia, mwendo hauongezeki, na taa ya injini ikawaka.

Gereji ya kwanza, ambayo siitaji, hawakuunga hata mashine ya kusoma hitilafu. Waliliendesha mara moja wakarudi na hukumu: "Mama, gia boksi imekufa." Boksi ya mtumba pamoja na ufundi, milioni moja na laki tatu. Nikawaomba tuanze na oili. Wakamwaga, wakaweka mpya lita nne hivi, laki na nusu ikaondoka na teke likabaki palepale.

Huyu wa Tabata nilielekezwa na shemeji yangu. Ni banda la mabati tu, na yeye mwenyewe ni kijana mpole asiyeongea sana. Ila aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, ile oili waliyomwaga, uliiona? Ilinuka kuungua? Ilikuwa na vichembe vya chuma?" Nilikuwa nimesimama pembeni ya beseni siku ile. Mafuta yaliyoungua ndiyo kazi yangu, nayajua hata nikiwa na mafua. Hayakunuka. Akatikisa kichwa, akasema basi tusiikimbilie boksi.

Mashine ikatoa P0753 na P0758. Akanieleza kwamba hizo ni kodi, yaani namba za hitilafu, na hizi ni za umeme, si za chuma. Ndani ya boksi kuna solenoidi, vivalvu vidogo vinavyofungua na kufunga njia za oili kwa amri ya kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Amri ikikatika njiani, kompyuta inajihami: inaacha kubadilisha gia kwa ulaini na nyingine inaziruka. Akachomoa plagi ya gia boksi, akapima solenoidi zote mbili, mita ikasoma ohm 13 na pointi. Kwa Toyota, akasema, kati ya 11 na 15 ni nzima. Akafuata nyaya moja moja hadi mwisho. Nzima.

Ikabaki kontroli boksi yenyewe, iliyojificha nyuma ya droo ya dashibodi. Aliifungua mbele yangu, akanipa lenzi. Kwenye mguu mmoja wa vifaa vya ndani, lehemu ilikuwa imepasuka kwa duara jembamba, kama ufa wa chungu ambao huuoni mpaka maji yaanze kutoka. Gari likiwa la baridi, mguu unagusa. Likipata moto, unaachia. Ndiyo maana asubuhi nilikuwa malkia na mchana naaibika. Akasema RAV4 za miaka ya hili langu anazitibu ugonjwa huo mara kwa mara.

Akalehemu upya, na miguu ya jirani akaipitia. Kupima 40,000, kulehemu 180,000. Nikapakia masufuria matupu makusudi, nikapita Morogoro Road hadi Mbezi na kurudi katikati ya foleni ya mchana. Mifuniko kimya. Huu mwezi wa tatu sasa.

Nyota ya tano: aliniambia "kesho jioni", ikawa siku nne, na simu hapokei. Nilikuwa na msiba wa watu mia mbili, nikakodi kirikuu kwa 60,000. Risiti aliniandikia kwenye kipande cha boksi la spea, na garantii ya miezi mitatu ni ya mdomo tu. Nikimlalamikia anacheka, anasema "samahani mama", basi.

Ukienda, usifike na gari lililolala hapohapo mtaani. Mara ya kwanza nilipeleka likiwa la baridi, likabadilisha gia vizuri kama jipya, nikaonekana mzushi. Lizungushe kwanza hadi lianze vituko vyake, ndipo uingie. Na beba kiti.