Vitabu vinne, viola hakuna

Nina hasira hadi nimesahau kuvua koti, kwa hiyo mnivumilie nikipayuka.

Mimi napiga viola, ile inayofanana na fidla lakini kubwa kidogo na yenye sauti nzito zaidi. Hapa Vienna tuko wanne, fidla mbili, viola na selo (ile kubwa inayosimama sakafuni), tunakutana Jumapili kwa mwenzetu mwenye sebule kubwa. Siku nyingi tulitamani kupiga Opus 33 ya mtunzi Haydn, yaani vipande sita vya wapigaji wanne, kutoka chapa ya 1782 ya Artaria, mchapishaji wa hapa Vienna, kurasa zile zile za kale zilizopigwa picha na kuchapishwa upya. Tukachanga, tukanunua dukani. Bei siitaji, nitalia.

Nikafungua pakiti mbele ya wenzangu: fidla ya kwanza, fidla ya pili, fidla ya pili, selo. Ndiyo, ya pili mara mbili, hadi doa la wino pembeni ni lile lile.

Mtaniuliza, si unakili tu sehemu yako? Ninakili wapi? Zama hizo kila mpigaji aliuziwa kijitabu chake. Kitabu kimoja chenye sehemu zote nne hapakuwa nacho. (Za bure mtandaoni zipo, najua. Sikuchanga pesa zote zile ili nisomee kwenye simu.) Na ile ya tatu, “Ndege”, huanza na fidla ya pili na viola zikidundadunda kwa sauti ndogo kabla fidla ya kwanza haijalia kama ndege. Jumapili ile fidla ya pili ilidunda peke yake, mimi nimeshika upinde kama mwalikwa aliyenyimwa sahani.

Nikaenda dukani. Dada wa kaunta akahesabu kwa kidole. “Vinne. Umepewa vinne.” Nikamwonyesha kwamba viwili ni pacha. Hakuinua hata macho: “Basi mmoja wenu apige fidla.” Nyuma yangu mtu akacheka. Wapiga viola tumezoea kuchekwa, lakini si kwa pesa yangu!

Haydn mwenyewe walimuudhi. Alikuwa akiwauzia waliojiandikisha nakala za mkono, Artaria akatangaza chapa yake mapema, mzee akawaka. Walau yeye alijibiwa kwa heshima, nadhani.

Nyota moja. Duka hilo mlipite mbali.

NYONGEZA: Baada ya wiki kadhaa kijitabu cha viola kimefika, bila barua, bila samahani. Na jamani, ni kizuri. Noti zimechongwa kwa mkono, mistari imebanana, namba za kuhesabia hakuna, kwa hiyo mmoja akipotea wote mnarudi mwanzo. Tulirudi mwanzo mara sita. Kisha tukapiga ya pili, ile ya mzaha: mwishoni wimbo unakatwa vipandevipande, kimya, kipande, kimya, halafu kimya kirefu. Mke wa mwenzetu akapiga makofi jikoni. Tukamalizia vile vinoti vichache vya mwanzo, kwa kunong'ona, tukaacha hapo. Alitoka na mwiko mkononi kuuliza kama tumeharibu.

Basi nyota nne. Hapana, tatu. Radhi sijaombwa hadi leo.