Maputo ya springi mazuri, fundi simsamehe

Naandika nikiwa bado na hasira, zikipoa sitaandika. Bomba la plastiki la kupeleka upepo kwenye maputo ya springi halipitishwi juu ya ekzosi! Mtoto wa darasa la nne anajua plastiki na moto havikai pamoja, ila fundi niliyemlipa 60,000 hakujua. Au alijua, akaona gari si lake.

Mimi nabeba nyanya kutoka Ilula kuja Morogoro kwa Noah ya zamani. Nikishapanga matenga, gari linachuchumaa nyuma kama kuku anayetaga. Usiku taa zangu zinamulika matawi ya miti, madereva wa malori wananiwashia taa kubwa kwa hasira. Jamaa yangu akanielekeza: kuna maputo yanaingia ndani ya springi za nyuma, ukipakia unajaza upepo, ukishusha unapunguza. Kariakoo nilipoyaulizia kwa jina la "eabegi za nyuma", muuzaji wa kwanza akadhani ni zile za ajali, akaniletea usukani.

Kufunga, sikatai, alifunga kwa madaha. Akapiga jeki kwenye bodi, tairi zikaning'inia, shokapu akazifungua chini springi zikanyooka. Puto akalikamua upepo wote, akalikunja kama chapati, akalipaka maji ya sabuni, akalisukuma katikati ya koili mpaka likakaa. Dakika chache tu. Safari ya kwanza nimeshuka Kitonga gari limenyooka, najiona nimenunua jipya. Lilikuwa linayumba kidogo kwenye kona, nikasema ni ugeni. Nikamsifia fundi kila kijiwe. Zile sifa naomba nirudishiwe.

Safari iliyofuata, au ya baada yake, niko katikati ya Hifadhi ya Mikumi, jua linazama. Nimevuka tuta, nasikia fyuuu! Gari likakaa chini, kushoto na kulia kwa mpigo. Barabara ile inakatiza hifadhini kama kilomita 50, na pale hushuki ukalale chini ya gari na tochi huku nyati wanakuangalia. Nikatambaa hivyo hivyo. Kila tuta, ngo! Tenga la chini nikalisikia likipasuka. Nafika Doma, mchuzi wa nyanya unachuruzika mlango wa nyuma.

Nikaingia chini. Bomba limeyeyuka, limegandia ekzosi kama jojo kwenye soli ya kiatu.

Nikampigia fundi. Hata pole hakunipa. "Kaka, hiyo ni gari ya abiria, wewe umeigeuza Fuso." Haya, ni kweli nilizidisha matenga mawili, na kwenye boksi waliandika kabisa kwamba maputo hayaongezi uwezo wa gari kubeba. Nakubali. Lakini ekzosi ingechoma lile bomba hata ningebeba mchicha!

Nilitaka kuyang'oa niyatupe. Mzee mmoja fundi pale Msamvu akanizuia. Maputo mazima, akasema, kilichokufa ni bomba. Akanionyesha kosa jingine: yule bwana aliunganisha yote mawili kwa kiungo kimoja cha T. Ndiyo maana yalikata upepo pamoja, na ndiyo maana ukikata kona upepo unakimbia kutoka puto lililoelemewa kwenda lenzake, gari linalala zaidi. Kumbe ule uliokuwa "ugeni" kule Kitonga ni mimi nilikuwa nataka kubiringika na nyanya zangu, huku natabasamu. Akafunga mabomba mawili mbali na moto, kila puto na nozeli yake ya kujazia upepo, akanikataza kuyaacha matupu kabisa, yatasagwa na springi.

Sasa maputo nayapa tano kwa tano. Hapana, nne, maana kila safari lazima nipige magoti nyuma ya gari na geji ya kupimia upepo, na goti langu moja bovu. Ila gari halichuchumai tena, basi tano.

Yule fundi wa kwanza kanipigia juzi. Nikadhani anaomba radhi. Anauliza tenga la nyanya sasa hivi shilingi ngapi.