Ukija Dar ulale wapi: vyumba nilivyovilipia, kuanzia cha kwanza hadi cha kukimbia

Mimi nauza vitenge na nguo za watoto Makambako. Mzigo naufuata Kariakoo mwenyewe, mara nne au tano kwa mwaka. Nyuma ya daftari langu la madeni kuna kurasa za vyumba nilivyolala: mtaa, bei, maji, kelele, na mwishoni alama moja tu, nililala au sikulala. Wenzangu wa sokoni wakijua nimerudi Dar huuliza bei ya mzigo kwanza, halafu wanauliza, "Mama, safari hii umelala wapi?" Kila mmoja ana kisa chake. Yupo aliyepewa chumba ambacho dirisha lake linafungukia ukuta wa jirani. Yupo pia aliyepata chumba kizuri kwa shilingi 25,000, na mpaka leo hataki kututajia ni wapi, tusije tukakijaza.

Napanga kwa vitu vinne: maji ya saa kumi na moja alfajiri, upepo, kelele, na umbali wa kazi uliyoifuata asubuhi. Bei naiangalia baada ya hapo. Chumba cha bei ndogo kilicho mbali na shughuli yako utakilipia mara ya pili kwa bodaboda, na mara ya tatu kwa kukaa kwenye foleni jua likiwa limeshapanda. Kwa hiyo kabla ya kuuliza chumba shilingi ngapi, jiulize kesho saa mbili asubuhi unatakiwa uwe wapi.

1. Hosteli za makanisa na vyama vya kikristo

Hizi ndizo za kwanza kwenye daftari langu, na huhitaji kuwa muumini wa kanisa lao. Kuna Msimbazi Center pale Ilala, Barabara ya Kawawa, ya Wakatoliki. Kuna ya Baraza la Maaskofu kule Kurasini. Kuna Luther House ya Walutheri katika Barabara ya Sokoine, jirani na kanisa la Azania Front. Halafu YMCA na YWCA maeneo ya Posta, katikati ya jiji. Vyumba ni vya kawaida kabisa: kitanda, neti, meza, pangaboi. Usitegemee mapazia ya kifahari. Unachonunua pale ni geti linalofungwa, uwanja wenye miti, na usiku usio na spika.

Mwanamke anayesafiri peke yake na hela ya mtaji kwenye pochi atanielewa. Gesti nyingi ukifika peke yako mapokezi wanakutazama, wanatazama mlango nyuma yako, kisha wanauliza, "Mko wangapi?" Kwenye hosteli ya kanisa wanakuuliza kitambulisho na siku utakazokaa, basi. Usingizi wangu bora kuliko wote Dar niliupata kwenye hosteli moja ya namna hii, mwezi wa pili, joto likiwa limepamba moto. Chumba hakikuwa na kiyoyozi. Kilikuwa na madirisha mawili yanayotazamana, upepo unaingia huku unatokea kule, na asubuhi maji yalitoka bombani kwa nguvu mpaka nikashtuka. Mlinzi, mzee wa Kigogo, alinitunzia marobota mawili chini ya ngazi hadi gari la mzigo lilipopita jioni. Nilipotaka kumpa ya soda akanijibu, "Binti yangu, kanunulie watoto." Nilimpa hivyohivyo.

Ubaya wake ni kwamba zinajaa. Semina moja ya makatekista au mkutano wa kwaya, umekosa. Piga simu wiki nzima kabla. Uliza pia geti linafungwa saa ngapi, maana basi lako likichelewa utabaki nje unagonga. Na kifungua kinywa, pale kinapokuwepo, mara nyingi ni chai, mkate na yai. Ukitaka supu utaitafuta mtaani.

Kwa anayevuka kwenda Zanzibar, zile za upande wa Posta hazina mpinzani. Unaamka, unatembea kwa miguu mpaka bandarini kwenye boti.

2. Hoteli za ghorofa Kariakoo na Kisutu

Kama umekuja kufunga mzigo, usilale mbali na mzigo. Kariakoo ina hoteli za ghorofa nyingi, na mle ndani utawakuta Wazambia, Wakongo na Wakomoro wamekaa juu ya marobota yao wanapiga hesabu kwenye simu. Mimi nilizolala zilikuwa kati ya 35,000 na 60,000, self, yaani choo na bafu ndani, zenye kiyoyozi. Unashuka ngazi uko Mtaa wa Uhuru unachagua vitenge, guta linakuletea mzigo mlangoni, mchana ukichoka unarudi kujinyoosha nusu saa. Hiyo nusu saa ina thamani yake. Anayeshuka na treni ya SGR kutoka Dodoma au Morogoro ana bahati zaidi, kwa sababu stesheni iko hapohapo jirani na Gerezani.

Shida ya Kariakoo ni maji na hewa. Majengo yamebanana, na hoteli hujazwa vyumba mpaka kwenye kona ambayo fundi alikusudia iwe stoo. Mwaka fulani nilipewa chumba ghorofa ya nne. Usiku nilijaribu bomba, maji yalitoka vizuri. Alfajiri, wageni wote walipoamka kuoga kwa pamoja, bomba langu likakohoa mara mbili likanyamaza. Nilishuka na khanga mpaka mapokezi kuomba ndoo. Tangu siku hiyo naomba ghorofa ya kwanza au ya pili, na nauliza waziwazi, "Simtanki liko juu au chini, na pampu inawashwa saa ngapi?" Mhudumu akianza kucheka badala ya kujibu, naaga.

Kisutu, maeneo ya Mtaa wa Libya na Jamhuri, ni ndugu mtulivu wa Kariakoo. Jioni maduka yakifungwa mitaa inapoa, chakula ni kizuri, na Posta ni mwendo wa miguu. Adhana ya alfajiri utaisikia vizuri. Mimi huwa ndiyo saa yangu ya kuamka.

3. Gesti za mitaa wanakokaa watu

Magomeni, Ilala, Kinondoni, Tabata. Hapa nazungumzia ile gesti ya ua, yenye vyumba vinane au kumi, mwenye nyumba anaishi nyumba ya mbele, kandambili za mpira na kipande cha sabuni mlangoni. Ukiipata nzuri ni nzuri kweli, na hulipi zaidi ya 20,000 au 30,000. Magomeni ina faida ya mwendokasi: kituoni kwenda Kariakoo au Posta hukai muda mrefu. Ila mvua za masika zikichachamaa bonde la Jangwani hufurika, barabara inafungwa, na wewe wa Magomeni unabaki ng'ambo unaliangalia jiji kwa macho.

Anayeuguza ndugu Muhimbili nami nitamwelekeza upande huu au Upanga kwenyewe. Utakwenda kumwona mgonjwa zaidi ya mara moja kwa siku, na nauli ya kila siku kutoka mbali inakula hela ya dawa. Mweleze mwenye gesti ukweli kwamba unauguza. Nimeona zaidi ya mmoja akipunguza bei na kuruhusu uchemshe uji jikoni kwake.

4. Nyumba za kukodi kwa siku

Ukiwa mmoja, achana nazo. Mkiwa sita mmekuja harusini, ni mahesabu mazuri: mnagawana, mnapika wenyewe, watoto wanalala sebuleni. Ila huku ndiko uongo ulikojaa. Harusi ya binti wa dada yangu, dalali alitutumia picha safi na maneno "dakika tano kutoka Mlimani City". Tukalipa nusu kwa simu. Bajaji ikapita Mlimani City, ikaendelea, dereva akauliza tena jina la mtaa, ikaendelea. Tulikuwa Goba. Nyumba yenyewe, niseme haki, ilikuwa nzuri, na jiko lilikuwa na mtungi wa gesi uliojaa. Saa nane usiku LUKU, umeme wa kulipia kabla, ikaisha. Mwenye nyumba kazima simu. Watu sita, joto la Desemba, na nywele za bi harusi hazijanyooshwa.

Kwa hiyo: omba wakutumie mahali penyewe kwenye ramani ya simu, sio picha. Uliza LUKU ananunua nani na namba ya mita ni ipi. Usilipe yote kabla ya kushika ufunguo.

5. Jirani na stendi ya Magufuli, Mbezi Luis

Ni chumba cha dharura. Stendi ilihamia kule mwaka 2021 ikitoka Ubungo, na mjini kati ni kama kilomita 25. Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, sisi wa nyanda za juu tunashushwa saa tisa, saa kumi usiku, na hapo hakuna anayechagua. Kwenye gesti nyingi siku yako inaisha saa nne asubuhi, kwa hiyo ukiingia saa kumi alfajiri umenunua muda wa saa sita tu kwa bei ya siku nzima. Omba nusu bei. Wakikataa, uliza kama hiyo hela inahesabiwa mpaka kesho yake saa nne. Nimewahi kukubaliwa mara mbili, kwa sababu tu niliuliza kabla ya kuandikwa kwenye kitabu cha wageni.

Kama unaondoka na basi la alfajiri, lala huku usiku wa mwisho. Zaidi ya hapo, hapana.

Ya mwisho kabisa: gesti iliyo juu, nyuma au pembeni ya baa

Ziko kila kona ya Dar, ila Sinza zimejazana, na ndiko nilikopata usiku wangu mbaya kuliko wote. Nilifika jioni, mahali pametulia, shuka nyeupe, mhudumu ananiita anti, 25,000. Kumbe ilikuwa Alhamisi inajiandaa. Saa tatu muziki ukaanza, kitanda kikawa kinatetema kwa besi. Mara mbili mlango wangu uligongwa, mhudumu anataka kujua kama "nimeshamaliza", kwa sababu safu ile ilikuwa ya vyumba vya kulipia kwa saa na mimi nilikuwa nawaziba. Saa tano umeme ukakatika. Nikamshukuru Mungu. Jenereta likanguruma, nikashukuru tena, nikijua pangaboi litazunguka. Kumbe lilikuwa la baa peke yake. Spika zikarudi, mimi nikabaki gizani na jasho. Asubuhi nilihesabu madoa manne mekundu mkononi, na sio ya mbu.

Ukitaka kuijua gesti ya namna hii kabla hujalipa, angalia meza za plastiki uani, na uliza bei ya usiku mzima. Wakikujibu kwa kukuuliza "usiku mzima?", geuka.

Hoteli za nyota sijazipa namba kwa sababu hazishindani na hizi. Kilimanjaro ya zamani, iliyofunguliwa mwaka 1965 na leo iko chini ya Hyatt, au Johari Rotana, ni kwa anayelipiwa na ofisi. Mimi huingia Kilimanjaro kunywa chai moja nikiangalia bahari, naondoka. Wakikutajia bei kwa dola kumbuka kwamba kanuni za Machi 2025 zinakataza bei za hapa nchini kutangazwa kwa fedha za kigeni. Dai shilingi. Zile za ufukweni, Kunduchi na Kigamboni, nenda ukiwa huna kazi mjini.

Dakika tano kabla ya kutoa hela

Fungua bomba na uliache litiririke wakati unakagua mengine. Inua godoro kwenye pembe, mulika mshono kwa tochi ya simu; ukiona vidoa vyeusi kama pilipili manga, hicho ni kinyesi cha kunguni, na kunguni akishaingia kwenye robota unamsafirisha mpaka nyumbani kwako bila nauli. Washa pangaboi namba ya mwisho usikie kama linagonga. Funga mlango kwa ndani: nataka komeo, kitasa peke yake hakinitoshi. Kama wanajisifu kwa jenereta, uliza linawasha kiyoyozi au taa tu.

Usije bila chumba wakati wa maonyesho ya Sabasaba, kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai, hasa upande wa Kurasini na Temeke, wala siku ya Simba na Yanga kwa Mkapa. Bei inapanda hata kwenye gesti ambayo jana ilikuwa inakubembeleza.

Ukikaa siku tatu na kuendelea, omba punguzo, na omba kabla hujaweka begi chini. Mimi huuliza nikiwa bado nimelibeba kichwani.