Miezi minne na Family Link kwenye simu ya mwanangu

Simu niliyompa mwanangu wa darasa la saba ni yangu ya zamani, Tecno yenye kioo kilichopasuka pembeni. Kabla ya kumkabidhi niliweka Family Link ya Google, programu ya mzazi kusimamia simu ya mtoto. Ni ya bure. Gharama yake ni bando na uvumilivu, maana unamfungulia mtoto akaunti, unaiunganisha na yako, halafu unabonyeza kukubali hiki na kile mpaka kidole kinachoka.

Kwa nilichokitaka wakati ule, inafanya kazi. Saa 3 usiku simu inajifunga, lakini akipigiwa anapokea. Akitaka kupakua gemu, ombi linanijia mimi. Nimekataa mengi nikiwa gengeni napanga mafungu ya nyanya. Wala haimvizii, mwenyewe anajua anasimamiwa. Ninachokipenda zaidi ni dakika za nyongeza. Zamani "Mama, dakika tano tu" ilikuwa vita ya nusu saa. Sasa nampa kumi, zikiisha simu inajifunga, wa kununiwa ni simu.

Basi siku moja akapiga hodi mama wa mwanafunzi mwenzake. Akakaa, maji akayakataa, akanionyesha simu. Picha ya binti yake akipiga chafya imegeuzwa stika, imeandikwa "mbuzi wa darasa". Kwenye grupu la WhatsApp la watoto inarushwa kila binti yule akiandika neno. Siku ya tatu hiyo hajaenda shule, anasingizia tumbo. Aliyeitengeneza ni mwanangu.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeangalia ripoti: WhatsApp, saa 1 na dakika 40 kwa siku. Nikaona si haba, nikafunga. Family Link haisomi meseji wala haionyeshi nani kaandika nini, na haikuniahidi hivyo. Nilijidanganya mwenyewe. Tena WhatsApp wanataka mtu awe na miaka 13, wangu ana 12, na ruhusa ya kuipakua niliitoa kwa kidole changu hiki.

Alifuta stika mbele yangu, ila waliokwisha kuihifadhi wanayo. Tukaenda kwa miguu kuomba radhi; njia nzima hakufungua mdomo. Huko nilikaa na yule mama tukarekebisha simu ya binti: skrinishoti kwanza, ushahidi usipotee, ndipo akatoka kwenye grupu, na kwenye mipangilio ya faragha ya WhatsApp tukaweka kwamba wa kumwingiza kwenye makundi ni aliowahifadhi tu. Nikamwachia pia namba 116, ya msaada kwa watoto. Kupiga ni bure, na binti anaweza kupiga mwenyewe.

Family Link bado naitumia, naipa nyota 4. WhatsApp nimeizuia mpaka Septemba atakapotimiza 13. Gemu la mpira ana dakika 45. Juzi aliomba nyongeza, nikampa kumi.