Mgeni Alipopewa Jembe: Uzoefu Wangu na "Divine Intervention" ya Slayer

Niseme mapema: CD hii niliinunua kwa ajili ya mtu mmoja tu, naye si yule anayeimba. Kazi yangu ni ushonaji, nina cherehani yangu ya miguu hapa Tabata, na Jumapili napiga dramu kwenye kwaya ya kanisa. Miguu yangu haina siku ya kupumzika. Jioni nikishafunga kazi navaa hedifoni, nasikiliza metali ya thrashi, yaani roki nzito ya gitaa za kasi mno, na sikio langu huwa linaenda kwanza kwa yule jamaa aliyekaa nyuma ya matoazi.

Basi "Divine Intervention" ilitoka Septemba 1994, na ndiyo albamu ya kwanza ya studio ya Slayer, bendi ya thrashi ya Marekani, ambayo mpiga dramu wao wa mwanzo, Dave Lombardo, hayumo. Asiyeijua bendi hii anaweza kuuliza, kwani kubadilisha mpiga dramu kuna nini? Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tunajua. Mwimbaji akihama Msondo akaenda Sikinde, gumzo lilikuwa la mtaa mzima. Akihama wa ngoma, waliogundua kwanza ni wachezaji: unanyanyua mguu, mdundo haupo pale ulipouacha jana. Kwenye thrashi jambo hilo ni zito zaidi, kwa sababu gitaa linakwenda kasi mno, na bila mtu wa kulishika chini linageuka kelele tu.

Lombardo alizaliwa Havana, Cuba, akakulia California, na alipiga kwenye albamu tano za mwanzo, kuanzia "Show No Mercy" ya 1983 hadi "Seasons in the Abyss" ya 1990. Katikati hapo kuna "Reign in Blood" ya 1986, ambayo haifiki hata nusu saa, na karibu na mwisho wa wimbo wake wa kwanza vyombo vyote vinanyamaza, inabaki miguu yake miwili peke yake ikikimbia. Kila mpiga dramu wa metali niliyewahi kuzungumza naye anakijua kipande kile. Mwaka 1992, mke wake akiwa anakaribia kujifungua mtoto wao wa kwanza, Lombardo na wenzake wakaachana.

Aliyeingia ni Paul Bostaph, kutoka bendi ya Forbidden. Kumbuka ukubwa wa kiatu alichopewa. Mara yake ya kwanza kuonekana na Slayer mbele ya umati mkubwa ilikuwa Agosti 1992 kwenye tamasha la Monsters of Rock, Donington, Uingereza, halafu mashabiki wakasubiri miaka miwili kusikia atafanya nini studio. Kwa hiyo mimi naisikiliza albamu hii kama usaili wa kazi. Dakika 36 na ushee za mtu anayejua kwamba kila anayemsikiliza ana jina la mwingine kichwani.

Wimbo wa kwanza, "Killing Fields", unafunguliwa na dramu. Sidhani kama ni bahati mbaya. Kabla gitaa halijasema neno, Bostaph anaingia na mfululizo wa mapigo yaliyofumwa, mikono na miguu vikipokezana, kama mtu aliyebisha hodi kwa teke. Mara ya kwanza kuusikia nilirudisha mwanzo mara nne kabla ya kuuacha wimbo uendelee. Kijana mmoja wa kwaya ninayemfundisha alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, nikampa upande mmoja wa hedifoni. Akasikiliza, akanitazama viatu.

"Fundi, huyu ana miguu mingapi?"

"Miwili, kama wewe."

"Hapana, Fundi. Kama mimi hapana."

Tofauti ya hawa wawili nitaieleza kwa lugha ninayoijua. Lombardo anapiga kama mtu anayeteremka mlima mbio: unaona kabisa anaweza kuanguka, na haanguki, na ile hofu yako ndiyo utamu wenyewe. Anausukuma wimbo mbele, mizunguko yake kwenye ngoma ndogo inamwagika. Bostaph ni cherehani. Sisemi kwa dharau, cherehani ndiyo inayonilisha. Kila tundu la sindano liko umbali uleule na la mwenzake, na ukiongeza kasi mshono haupindi. Kwenye "Dittohead", dakika mbili na nusu za mbio tupu, usafi huo ni wa kutisha. Pigo halimezwi hata moja. Lakini hutetemeki pia, maana unajua kitambaa hakitakunjamana.

Shida ya nusu ya kwanza ni ile ya mgeni anayetaka kuonekana ana bidii. Amepewa nafasi ya pigo moja, anaweka manne. Palipotakiwa kimya, anapita na mzunguko. Kwenye "Sex. Murder. Art.", ambao hata dakika mbili haufiki, nilijikuta nataka kumwambia: kaka, tumekuona, kaa.

Halafu ni kama amenisikia. Wimbo uliobeba jina la albamu unaenda taratibu, mzito, zaidi ya dakika tano, na hapo Bostaph anaacha kujieleza. Anaweka pigo nyuma kidogo, analiacha gitaa la Jeff Hanneman na Kerry King lichukue hewa yote. Sisi kwenye kwaya tunajua kwamba pambio la taratibu ndilo linalomfichua mpiga dramu. La haraka linaweza kumficha hata mwanafunzi. Mimi nilimwajiri hapo, si kwenye zile mbio.

Na kwenye "213" nilimpandisha cheo. Wimbo unaanza na gitaa laini, safi, kama jioni ya mvua, na mpaka unapogeuka huna hamu ya kuwahi. Namba hiyo ilikuwa ya nyumba ya Jeffrey Dahmer, muuaji wa Milwaukee aliyekamatwa 1991. Mapigo yanaingia kwa mpango, yanaacha pengo, yanarudi. Ni wimbo wa kutisha hata ukiwa huelewi Kiingereza hata neno moja, na nusu ya kutisha kwake ni subira ya dramu.

Hapa niseme juu ya maneno, maana najua atakuja mtu kuniuliza ninakaaje kanisani na nyimbo hizi. Ni nyimbo za wauaji, damu, na vichwa vilivyoharibika. "SS-3" unamhusu Reinhard Heydrich, yule mkubwa wa Wanazi aliyeshambuliwa Prague mwaka 1942 akafa siku chache baadaye. Herufi hizo na namba hiyo zilikuwa za gari lake. Nimeusoma kwenye kijitabu. Sikuona anasifiwa, ila sikuona analaaniwa waziwazi pia, na huo ndio mtindo wao wa siku zote, wanakuonyesha kisha wanaondoka. Mwimbaji wao, Tom Araya, mzaliwa wa Chile, ni Mkatoliki na hafichi. Mimi nimeshaacha kujaribu kulitatua hilo kwa niaba yake. Kilichonichefua kweli ni picha: humo ndani kuna mkono wa shabiki aliyejichanja jina la bendi kwa wembe. Kijitabu nakiweka juu ya kabati, watoto wasifike.

Mke wangu naye ana mapitio yake, mafupi kuliko yangu. Siku moja niliichomoa hedifoni nikaweka kwenye spika. Akatoka jikoni na mwiko mkononi: "Baba Neema, huyo anaimba au kuna mtu amebanwa na mlango?" Nikarudisha hedifoni.

Sasa malalamiko, na hili ndilo linalonikosesha usingizi zaidi ya mashairi. Sauti ilivyochanganywa. Albamu tatu za kabla ya hii zilipita mikononi mwa Rick Rubin kama prodyuza. Safari hii yeye ni msimamizi tu wa juu, na kazi ya studio imefanywa na Toby Wright pamoja na bendi. Dramu ziko mbele na kavu, kila pigo la ngoma ndogo linakugonga katikati ya paji la uso. Kwa mpiga dramu kama mimi ni sherehe. Lakini gitaa limekonda. Kuna sehemu "Circle of Beliefs" inahitaji ukuta, wakajenga uzio wa makuti. Nilijaribu hedifoni, nikajaribu redio ya gari la shemeji tukiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, nikajaribu hata spika za kwaya siku ya mazoezi kabla wenzangu hawajafika. Kote ni vilevile. Ukiwa unasikiliza kwa simu na spika ndogo, nusu ya kazi ya Hanneman hutaisikia.

Tena inaleta uonevu wa namna fulani. Mgeni amewekwa chini ya taa kali, wenyeji wamekaa gizani, halafu mashabiki wakasema albamu haina uzito, na lawama ikamwangukia yule anayeonekana. Nimesoma mengi kuhusu albamu hii na sehemu kubwa ni watu wanaomlaumu Bostaph kwa kosa la kutokuwa Lombardo. Ukisikiliza vizuri, udhaifu wa nyimbo mbili tatu humu uko kwenye gitaa zenyewe, zinarudia njia ambayo bendi iliishapita. "Fictional Reality" ungepigwa na Lombardo ungebaki kuwa wimbo wa kawaida. "Mind Control" unafunga albamu kwa mbio za kutosha, nimeusikiliza mara nyingi na bado siwezi kuukumbuka nikiwa nashona, wakati "213" unanijia wenyewe.

Hata hivyo watu waliinunua. Ilifika nafasi ya 8 kwenye chati ya albamu ya Billboard Marekani, juu kuliko walikowahi kufika kabla ya hapo. Na wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bostaph alipewa, akatoka, akarudi, akapiga "Diabolus in Musica" ya 1998 na "God Hates Us All" ya 2001, akamwachia Lombardo kiti, na 2013 akaitwa tena, mwaka uleule Hanneman alipofariki. Ndiye aliyekuwa nyuma ya ngoma Novemba 2019 kwenye onyesho lao la kuaga kule California, na bendi iliporudi jukwaani 2024 bado alikuwa yeye.

Nimeipa nyota tatu na nusu. Moja na nusu nzima ni ya miguu. Kama ndiyo unaanza na Slayer, usianzie hapa, chukua "Reign in Blood" au "Seasons in the Abyss" kwanza ili ujue nani alikuwa amekaa kile kiti. Kama unapiga dramu, inunue leo, na uisikilize kwa kuruka: wimbo wa kwanza, wa nne, wa tano, wa tisa, halafu ndiyo urudi mwanzo.

Yangu niliagiza kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika huko Ujerumani. Ilichukua wiki sita kufika, CD yenyewe haina mkwaruzo, ila yale meno ya katikati ya kasha yalikuwa yamevunjika yote na CD inacheza ndani kama njugu. Muuzaji alikuwa ameandika "hali nzuri sana". Nimekata kipande cha sponji ya mabega ya koti, nikakibandika pale katikati, sasa imetulia.