FishBase na OBIS, kwa sisi tunaoandika samaki dikoni

Kazi yangu hapa Tanga ni kuandika samaki wanaoshushwa dikoni: aina, urefu, uzito, na kama wametoka kwenye dema, nyavu au mshipi. Tovuti ninayoifungua kuliko zote ni FishBase. Ni bure, haidai usajili. Daniel Pauly na Rainer Froese waliianzisha Ufilipino mwishoni mwa miaka ya 1980, ikaingia kwenye intaneti mwaka 1996, na leo ina aina zaidi ya 35,000 za samaki.

Utamu wake uko kwenye ukurasa wa kila aina. Mchukue tasi, Siganus sutor: miiba 13 mgongoni, 7 kwenye pezi la chini karibu na mkia, yote ina sumu. Mvuvi anayemtoa tasi demani hahitaji kuambiwa, ila mwanafunzi wa mazoezi anahitaji sana. Nalikunjua pezi mezani, tunahesabu pamoja. Miiba inathibitisha kwamba ni jamii ya tasi. Kutenganisha aina ndani ya jamii ni kazi ya rangi na madoa, na hapo picha hazitoshi, kwa sababu samaki akishapigwa jua kidogo tu rangi si ile tena. Natamani wangeweka picha nyingi zaidi za samaki wa sokoni.

Kwenye ramani za FishBase, kuweni macho. Ile ya rangirangi, AquaMaps, imekokotolewa kwa kina, joto na chumvi ya maji. Wekundu unaonyesha mahali panapomfaa samaki, si kwamba kaonekana hapo. Ukitaka alikoonekana kweli, nenda OBIS, hazina ya kimataifa ya data za viumbe wa baharini, iliyo chini ya UNESCO tangu 2009. Ina kumbukumbu zaidi ya milioni 100, na kila nukta ina tarehe na mwenye data. Naipenda mno kwa uwazi huo. Ukiona pwani tupu, usiseme hakuna samaki. Huenda daftari lipo kabatini na halijatumwa.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu wa madiko mengine: kila mstari uwe na tarehe, latitudo na longitudo, na jina la kisayansi lililohakikiwa kwenye WoRMS, orodha ya kimataifa ya majina ya viumbe wa baharini, ambako kila aina ina namba yake. Jina "changu" peke yake halitapita, maana changu ni wengi.